Karatasi Iliyotoka Mfukoni mwa Mume Wangu

Mimi si mtu wa kuamini upesi. Nalisema mapema ili msomaji asije akanihurumia mahali pasipostahili. Mama yangu alikuwa hivyo hivyo. Akinunua maziwa aliyanusa, akayaonja, akampa jirani naye ayaonje, kisha akamtazama jirani kwa kitambo kabla hajanywa yeye. Siku nilipoolewa aliniachia wosia mmoja tu: usifue suruali ya mume kabla hujapekua mifuko. Niliushika wosia huo kuliko mafundisho yote ya katekista.

Mume wangu alikuwa Mzinza, mimi Msukuma wa upande wa Shinyanga. Tulioana miaka michache baada ya vita kuu kwisha. Kabla yangu alikuwa Geita kwenye dhahabu, mpaka siku mwamba ulipomvunja mguu akalazwa miezi minne katika hospitali ya misheni. Habari za miezi ile hakupenda kuzisimulia. Ukimuuliza atasema, "Nililala tu." Hilo nililiweka moyoni. Mtu halali miezi minne bila kuota hata ndoto moja ya kumsimulia mkewe.

Nilipomfahamu mimi alikuwa amekwisha kuhamia kwenye mgodi wa almasi, kazi yake kutunza pampu ya maji bwawani. Mgodi ule ulikuwa na senyenge mbili. Ya nje ilizunguka nyumba zetu, duka na hospitali. Ya ndani ilizunguka mahali palipooshwa mawe, na getini pake watu walipekuliwa nywele, masikio, soli za viatu, hata kiporo cha ugali kilivunjwavunjwa. Kibanda cha pampu kilikuwa katikati ya senyenge hizo mbili. Hakuna aliyepekuliwa pale, na kwa sababu hiyo hiyo kila mtu aliyefanya kazi pale alitazamwa kwa jicho la pembeni.

Sheria ilikuwa fupi. Ukikutwa na jiwe, ni polisi. Ukishukiwa tu, unapakiwa kwenye lori siku hiyo hiyo, wewe, mkeo, sufuria na kuku, mnashushwa nje ya geti la mwisho.

Na mimi wakati ule nilikuwa na mimba ya miezi mitano. Ilikuwa ya tatu. Wawili wa kwanza walikuwa wametangulia, mmoja kabla ya kutimia, wa pili mikononi mwa mkunga kijijini kwetu. Wanawake walikuwa wakiniona kisimani wanaambiana kwa sauti ya kutosha kusikika kwamba asiye na mwana aeleke jiwe. Daktari wa mgodi aliniambia waziwazi kuwa huyu asizaliwe kijijini, azaliwe pale hospitali, kwenye kitanda, palipo na dawa. Kwa hiyo kazi ya mume wangu niliilinda kuliko alivyoilinda yeye. Kazi ikiondoka, kitanda kimeondoka.

Basi mume huyo akaanza kuchelewa kurudi. Zamu yake iliisha saa kumi, yeye arudi magharibi. Nikimuuliza anasema alikuwa akicheza bao kwa akina fulani. Nilikwenda kwa akina fulani. Bao lilikuwepo, yeye hayupo, na kwa habari zao hakuwahi kukaa pale hata siku moja. Kisha nikaona kwenye shati lake unyoya mweupe, laini, kama wa paka. Pale mgodini paka mweupe alikuwa mmoja, wa mama mmoja mjane aliyeuza maandazi. Nikaacha kununua maandazi.

Siku ya nne tangu niuone unyoya ule ndipo nilipofua suruali. Mfuko wa kulia ulikuwa na msumari. Mfuko wa kushoto ulikuwa na karatasi iliyokunjwa mara nne, imelainika kama kitambaa, imeandikwa kwa penseli. Mwandiko ulikuwa wake. Mimi nilijua kusoma, lakini Kiswahili cha katekisimu, na haya hayakuwa ya katekisimu: herufi moja, namba, nukta, tena herufi, namba, nukta. K. 2, P. 2. Chini yake sl. 1, K. 1, p.s.s.o. Na katikati ya herufi, hapa na pale, alichora nyota ndogo.

Barua ya mwanamke ningeielewa. Hii ilinitisha zaidi.

Jirani yetu alikuwa karani wa stoo, mtu wa shule ya kati, aliyekuwa akisoma Kiingereza hata kwenye makopo ya rangi. Nikampelekea.

"Hodi, shemeji."

"Karibu, shemeji. Mwangaluka," akanisalimu kwa Kisukuma.

"Mwangaluka. Nimeokota hiki njiani. Nisomee."

Akavaa miwani, akakaa sawasawa kitini kama mtu anayepigwa picha. Akasoma kimya. Midomo ikaanza kwenda, ikasimama, ikaanza upya. Jasho likamtoka puani.

"Shemeji," akasema, "hiki si Kiingereza."

"Ni nini basi?"

"Ni Kiingereza kilichokatwa vichwa. Kuna mtu hakutaka kisomeke." Akainamia tena karatasi. "K mbili, P mbili. Kwa Kizungu haina maana. Jaribu kwa Kiswahili. Kubwa mbili, punje mbili."

"Kubwa mbili za nini?"

Aliweka kidole juu ya nyota. "Kitu gani hapa kwetu kinachometameta, shemeji?"

Nikageuka kutazama upande wa senyenge ya ndani.

Tukaendelea, maana ukishaanza kushuku huwezi kuachia njiani. Ile p.s.s.o. ilimsumbua sana. Alisema si neno, ni sauti, mtu yuko nyuma ya ukuta anamwita mwenzake. "Itamke mwenyewe uone." Nikatamka: pssso. Mkewe akatokeza kichwa jikoni akauliza, "Nani ananiita?" Karani akanitazama kwa ushindi. Hapo hata mimi nikaamini.

Lakini lililotumaliza ni la mwisho kabisa, kwa kuwa lilikuwa na maneno mazima. Dec. 1 at each end. Karani alilisoma mara tatu, kila mara kwa sauti ya chini zaidi.

"Tarehe mosi Desemba," akanifasiria. "Kila mwisho."

"Mwisho gani?"

"Mgodi una mageti mangapi?"

"Mawili."

"Basi."

Nilinyoosha mkono nichukue karatasi yangu. Yeye aliikunja, akaitia mfuko wa shati na kufunga kifungo. Akasema ni kwa usalama. Usalama wa nani hakusema, lakini nilijua. Pale kwetu aliyeona akanyamaza alihesabiwa mwizi pamoja na mwizi. Karani naye alikuwa na mke na watoto wanne, na hofu yake ilikuwa kubwa kuliko ujirani wetu. Mwandiko wa mume wangu aliufahamu, alimwandikishia grisi kila Jumatatu.

Jioni mume wangu alirudi na kula michembe, viazi vyetu vya kukausha. Kisha akaanza kujipapasa mifuko, wa kulia, wa kushoto, tena wa kulia.

"Umefua suruali yangu?"

"Nimefua."

"Hukukuta kitu?"

"Kitu gani?"

"Karatasi tu. Ya pampu."

"Sikukuta," nikasema.

Yeye alikuwa anadanganya, nami nikadanganya, tukalala tumegeuziana migongo. Ningeweza kumwambia usiku ule kwamba karatasi iko kwa karani. Sikumwambia, kwa kuwa nilitaka kwanza nijue kama ni mwizi. Hilo ndilo kosa langu, nalitaja kwa jina lake.

Asubuhi askari akaja kuniita. Mume wangu alikuwa amekamatwa kibandani, na mimi nilihitajika kama shahidi. Nilikwenda nimeshika tumbo kwa mikono miwili, njia nzima nikipanga la kusema na kulipangua.

Ofisi ya walinzi ilikuwa chumba kimoja chenye meza. Nyuma ya meza alikaa sajini wao, mzee wa Kinyamwezi aliyetumikia jeshi la Keya akafika mpaka Burma. Karani alisimama pembeni na miwani yake. Mume wangu alikuwa katikati, mikono nyuma. Mezani palikuwa na kopo la grisi lililosafishwa likang'aa, spoki mbili za baiskeli zilizosuguliwa ncha, na kitu cheupe ambacho sikuwahi kukiona. Kilikuwa kama mfuko, lakini chini kimefunguka, na kando kina vijimfuko viwili vyembamba, kimoja kizima, kingine kimefumuliwa nusu. Uzi mweupe ulikuwa umejaa chumbani. Walikuwa wamefungua bumba lote la uzi kutafuta jiwe katikati. Ulizunguka miguu ya meza, ulipita chini ya kiti cha sajini, na ncha yake alikuwa ameishika askari mmoja dirishani bila kujua aufanyie nini.

Nikauona ule unyoya wa kwenye shati. Paka wa mjane hakuwa na hatia.

"Mama, kaa," sajini akasema. "Mzungu wa usalama yuko Mwanza, anarudi kesho. Akirudi yeye hatauliza, ataita lori. Mimi nauliza leo. Burma tulikamata karatasi kama hii hii. Herufi na namba. Kesho yake tukapigwa." Akamgeukia mume wangu. "Huu mfuko ni wa kubebea mawe. Huku kubwa, huku punje. Kweli au si kweli?"

"Kila mwisho!" karani akadakia, akionyesha vile vijimfuko. "Each end, afande! Ni huku na huku!"

Mume wangu hakumtazama. Alikuwa ananitazama mimi, na kutoka kwangu macho yake yakashuka tumboni.

"Afande," akasema, "mtoeni kwanza mke wangu. Kisha nitasema."

"Sitoki," nikasema. Niliona sasa ndipo atamtaja mwanamke, na kama ni mwanamke nilitaka nisikie kwa masikio yangu.

"Toka, mama wewe," mume wangu akasema.

"Sitoki."

Sajini akamuuliza mara ya pili, mara ya tatu, naye kimya, na kadiri alivyonyamaza ndivyo alivyozidi kufanana na mwizi. Nikaliona lori. Nikaona sufuria zangu zikipakiwa, na kitanda cha hospitali kikitandikwa shuka la mtu mwingine.

"Bwana," sajini akasema kwa upole, kama mzee anavyomwambia kijana, "mficha uchi hazai."

Alikuwa na maana ya kumhimiza aseme, kama watu wote wanavyoitumia methali hiyo. Hakujua anawaambia nani. Mume wangu alishtuka kama aliyemwagiwa maji ya moto. Akaivuta mikono yake mbele, akasogea mezani bila ruhusa, akachukua zile spoki na kile kitu cheupe. Askari wawili waliokuwa mlangoni wakamrukia. Sajini akawazuia kwa kidole.

"Karani," mume wangu akasema, "soma."

"Nisome nini?"

"Hicho ulichonacho. Tangu mwanzo. Polepole."

Karani akakohoa. "K mbili."

Mume wangu akachomeka spoki, akazungusha uzi, akatoa kitanzi, akarudia. Viwili.

"P mbili."

Safari hii uzi aliuleta mbele, akachomeka kwa upande mwingine. Viwili tena. Vidole vile vilivyokatika kucha kwa spana vilikuwa vinakwenda upesi mpaka vikanitia wivu. Karani akasoma, yeye akafuata. Kwenye ile p.s.s.o. alihamisha kitanzi bila kukifuma, akafuma cha pili, akakirusha cha kwanza juu ya cha pili kikaanguka upande wa pili. Ndiyo hivyo tu. Kwenye nyota alisimama.

"Nyota?" sajini akauliza, na shingo imeinuka.

"Ukiikuta nyota ya pili unarudi kwenye nyota ya kwanza, unaanza upya."

"Si jiwe?"

"Ni nyota tu, afande. Sista wa Geita alisema wametia nyota ili wasichoke kuandika."

Ndivyo nilivyosikia habari za miezi minne. Masista waliwapa wagonjwa sindano na sufu ili wasikae bure, wanaume wazima waliovunjika miguu na mbavu, wakafuma soksi na mitandio wodi nzima. Alipotoka aliinakili karatasi ile kutoka kitabu cha sista, akaitunza miaka yote, wala hakumwambia mtu, maana nani angempa mke mchimba dhahabu anayefuma soksi?

"Na hii?" karani akauliza. Sauti yake ilikuwa imepungua. "Tarehe mosi Desemba?"

"Si tarehe. Dec. hapo ni decrease, kupunguza. Punguza kitanzi kimoja." Akavikutanisha vitanzi viwili vikawa kimoja, akaenda upande wa pili, akafanya vivyo hivyo. "Kila mwisho, huku na huku. Ili mkono uwe mwembamba ukifika kwenye kifundo."

"Mkono!" sajini akasema. Akakichukua kile kijimfuko kizima, akaingiza kidole kimoja, akaingiza cha pili. Cha tatu hakikuingia. "Kifundo cha nani hiki?"

Yule askari wa dirishani ndiye aliyeanza, akageuza macho kwangu, kisha karani, kisha sajini. Wote wakatazama tumbo langu, na wote kwa pamoja wakaacha kulitazama.

Kwa asiyejua desturi zetu niseme. Kwetu tumbo halitajwi ovyo, na mtoto ambaye hajazaliwa hashonewi nguo wala hanunuliwi kitu. Ukimwandalia, umemtangaza, na aliyetangazwa huonwa na wasiotakiwa kumwona. Mwanamke aliyekwisha kuzika wawili hata kanga za kumpokelea hazikunji. Mume wangu alilijua hilo kuliko mimi. Ndiyo maana alifuma kibandani, ndiyo maana hakuniambia, na ndiyo maana aliomba nitolewe nje. Na mimi nilikuwa nimekaa pale pale, na sweta la mwanangu liko mezani, limefumuliwa mbele ya wanaume watano.

Nilitaka ardhi inimeze. Si kwa aibu peke yake, kwa hofu.

Sajini alivua kofia yake. Aliishika kifuani kwa muda, kisha akaiweka juu ya lile sweta, taratibu, akalifunika lote.

"Mimi sijaona kitu," akasema. "Nyinyi mmeona kitu?"

"Hatujaona, afande," askari wakaitikia.

"Karani?"

Karani alivua miwani. "Bila hii mimi sioni kabisa," akasema.

Wale askari wawili waliambiwa wakunje uzi. Ilichukua muda mrefu, mmoja ametanua mikono, mwingine anazungusha, wote wamenuna. Mzungu aliporudi kutoka Mwanza hakukuta jambo la kuambiwa. Lakini sajini hakuwa mtu wa kuamini mpaka mwisho, na kwa hilo namheshimu. Tarehe mosi Desemba aliongeza walinzi kwenye mageti yote mawili. Walikaa mchana kutwa juani, hakupita mtu ila mbuzi, nao wakampekua.

Siku ile tulirudi nyumbani. Mume wangu alikaa kwenye kizingiti, akavua kiatu cha mguu mbovu.

"Ungeniuliza," akasema.

"Ningekuuliza ungeniambia?"

Yeye alikuwa mtu wa kweli kuliko nilivyostahili. "Hapana," akasema.

"Basi."

"Basi. Lakini ungeniuliza."

Nilimwomba radhi kesho yake, kwa Kizinza nilichojifunza kwa shida, naye akacheka jinsi nilivyokitamka. Sweta sikuliulizia, naye hakulitaja, ila aliendelea kurudi magharibi. Miezi iliyobaki nilimshuku kila mtu na kila kitu: wale wanaume watano, mjane wa maandazi kwa kuwa nilimsingizia moyoni, mtoto mwenyewe akicheza sana, na mtoto mwenyewe akitulia. Kila asubuhi niliamka nikisubiri adhabu yangu.

Uchungu ulinianza mvua za vuli zikiwa zimekolea. Nililazwa kile kitanda. Mkunga alikuwa mama wa makamo kutoka Ushetu, mikono mikubwa, maneno machache. Kulipopambazuka akamtoa mtoto, akamfuta, mtoto akalia.

Nikasikia. Sikuamini.

"Mfanye alie tena," nikasema.

"Amekwisha kulia, mama."

"Huenda ni wa kitanda cha pili."

"Kitanda cha pili hakina mtu."

"Mfanye tena, nimwone mdomo."

Mkunga alinitazama kama mama yangu alivyokuwa akimtazama jirani aliyeonja maziwa. "Hata mwanao?"

"Hata huyu," nikasema.

Akamsogeza mpaka usoni pangu, akampiga kidogo unyayoni. Niliutazama ule mdomo ukifunguka, mwekundu, hauna jino, na sauti nikaiona inatoka humo humo, si penginepo. Ndipo nilipomwambia amwite mume wangu pale nje, na amwambie asije mikono mitupu.